Kichwa kisicho na kovu kina haki ya kusikizwa

Mfanyakazi anayekatwa kidole gumba na mashine ya kiwanda cha majani chai hahitaji ufasaha wa lugha ili aaminiwe. Daktari anautazama mkono, anafungua Jedwali la Kwanza la Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo mawakili na wafanyakazi wameizoea kwa jina la WIBA, na humo anakikuta kidole kimepangiwa asilimia yake ya ulemavu. Aliyepofuka macho yote mawili amepangiwa asilimia 100. Kinachosalia ni hesabu. Lakini mwenzake aliyeteleza kwenye mteremko uliolowa mvua huko Kericho, akajigonga kisogo kwenye kisiki, akazimia kwa dakika chache, kisha akazinduka, na tangu siku hiyo hajamaliza wiki moja bila kichwa kumgonga, huyo hana cha kuonyesha. Jeraha limefunga. Nywele zimeota. Maumivu ya kichwa hayamo katika orodha ile ya viungo. Alicho nacho mkononi ni maneno tu.

Na kwa kuwa ni maneno tu, mwalimu wa isimu anapata ujasiri wa kutia mkono katika jambo ambalo kwa kawaida ni la mawakili na madaktari. Hoja yangu ni kwamba madai ya mtu aliyeumia kichwa hushinda au hushindwa kwa namna yalivyosimuliwa na kuandikwa. Fauka ya hayo, yanapokataliwa, au yanapokubaliwa kwa asilimia ndogo isiyolingana na hali ya mtu, sheria imeacha mlango wa kupinga. Mlango huo una vizingiti, lakini mwalimu wa kijijini au mwanafunzi aliye likizoni anaweza kumshika mzazi wake mkono wakauvuka pamoja.

Wageni wanaopita barabara kuu ya Kericho huona zulia la kijani lililotandazwa juu ya vilima, wakapiga picha, wakaenda zao. Aliyekulia katika nyumba za laini anajua kwamba zulia hilo lina miteremko mikali na mifereji iliyofichwa na majani. Kando yake kuna mashamba ya mikaratusi inayokatwa kuwa kuni za viwanda, na gogo la mkaratusi halichagui litakapoangukia. Kuna matrekta yanayovuta matela ya majani, na malori yanayobeba watu alfajiri. Kuhusu hayo ya mwisho, msomaji ajue jambo ambalo wengi hawalijui: mfanyakazi anayesafirishwa bila malipo kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo huhesabiwa na WIBA kuwa yuko kazini. Akianguka kutoka kwenye lori hilo, ameumia kazini.

Tuanze na maumivu yenyewe, kwa maana hatuwezi kuyatetea tusiyoyaelewa. Wataalamu wa maradhi ya kichwa duniani wana mfumo wao wa kuainisha maumivu, na toleo la tatu la mfumo huo lilichapishwa mwaka 2018. Ndani yake, maumivu yanayotokana na kuumia kichwa yana mlango wake mahsusi. Sharti kubwa ni kwamba yawe yameanza katika muda wa siku saba tangu mtu aumie, au tangu apate fahamu. Yakiendelea kupita miezi mitatu, huitwa ya kudumu. Mfumo huo haudai kwamba picha ya CT ionyeshe kasoro. Picha hiyo imeundwa kutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo anaweza kutoka humo na picha safi kabisa, ilhali hawezi kuinama afunge kamba za viatu bila dunia kumzunguka. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba picha haina kitu na kwa hivyo hana ugonjwa, ameambiwa sentensi mbili, na ya pili haitokani na ya kwanza.

Haki ni pande mbili, na sharti niseme pia kwamba walio wengi hupona katika wiki au miezi ya mwanzo. Si kila pigo la kichwa huzaa ulemavu. Isitoshe, kuna mtego wa dawa. Anayemeza vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu siku kumi na tano au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mengine yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Mchumaji anayepita dukani kila jioni kununua Panadol ili kesho aamkie kazi yuko katika hatari hiyo, na daktari wa upande wa bima atamwuliza. Afadhali alieleze jambo hilo mwenyewe, mapema, kuliko kungoja lifichuliwe kana kwamba ni hila.

Sasa tuingie katika chumba cha zahanati. Mchumaji anafikiri kwa Kipsigis, au kwa Ekegusii, au kwa Dholuo, kwa sababu mashamba ya chai yamekusanya watu wa makabila mengi. Anamweleza mhudumu kwa Kiswahili. Mhudumu anaandika kwa Kiingereza. Maumivu yamevuka mito miwili kabla hayajafika kwenye karatasi, na kila mto umechukua mzigo wake. Mgonjwa alisema: "Kichwa hunigonga huku nyuma, macho yakaingia giza, nikisikia kelele za mashine nataka kulia." Katika faili mnaingia maneno mawili au matatu ya Kiingereza yenye maana ya "analalamika kichwa". Kitenzi hicho cha kulalamika ni desturi ya madaktari, na baina yao hakina ubaya wowote. Lakini faili huishia mezani pa karani wa bima, naye karani hukisoma kama sisi tunavyokisoma: fulani ni mlalamishi.

Kiswahili chenyewe kina utajiri ambao tafsiri hiyo huutupa. Katika lugha yetu kichwa ndicho mtendaji, na mwenye kichwa ndiye mtendwa. Kinamuuma, kwa kitenzi kile kile kinachotumika kwa mbwa na nyoka. Tena viambishi vyetu vya wakati vinapambanua mambo ambayo kwa sheria ni makubwa. "Kichwa kiliniuma" ni habari iliyokwisha. "Kichwa kinaniuma" ni habari ya leo, na kesho huenda isiwepo. "Kichwa huniuma" ndiyo kauli ya mtu mwenye ulemavu, kwa kuwa "hu" hueleza mazoea yasiyokatika. Mfanyakazi akijibu swali la "Ulikuwa na nini baada ya ajali?" atasema "Kichwa kiliniuma sana," kwa sababu swali lilimvuta kwenye wakati uliopita, na mwandishi ataandika kwamba kiliuma, yaani kimepona. Hakuna aliyesema uongo. Wanafunzi wangu hunicheka ninapodai kwamba kiambishi kimoja kinaweza kumgharimu mtu maelfu ya shilingi, lakini nitawaonyesha hesabu hivi punde.

Kuna na kimya. Kijana wa Kipsigis aliyefunzwa jandoni kwamba kukunja uso mbele ya maumivu ni aibu ya ukoo mzima hatageuka mlalamishi ghafla kwa kuwa yuko mbele ya daktari. Akiulizwa hali, atasema ni nzuri. Wala hatataja kwamba siku hizi husahau alikoweka panga, hukasirikia watoto bila sababu, na halali usiku, kwa maana hajui kwamba mambo hayo yana uhusiano na pigo la kichwa. Mkewe anajua. Mkewe hakuulizwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa ulemavu wa kudumu, WIBA hukadiria fidia kwa msingi wa mshahara wa miezi 96, ikizidishwa kwa asilimia ya ulemavu, kwa kufuata viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na Waziri. Tuchukue mfano wa kubuni wa mchumaji mwenye mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 inatoa shilingi 1,440,000. Akikadiriwa asilimia 5, anapata 72,000. Akikadiriwa asilimia 15, anapata 216,000. Tofauti ni shilingi 144,000, na mzazi mwenye mtoto chuoni haitaji kuelezwa thamani yake. Na ni nani anayeamua kama ni 5 au 15, ikiwa maumivu ya kichwa hayamo kwenye Jedwali? Sheria imempa kazi hiyo Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: kwa jeraha lisilotajwa, yeye ndiye anayeamua asilimia, ilimradi isiende kinyume na mwelekeo wa Jedwali. Huo ni uamuzi wa kibinadamu unaofanywa juu ya karatasi. Karatasi ikiwa na maneno mawili, uamuzi utakuwa wa maneno mawili.

Mfanyakazi asiyeridhika na uamuzi huo ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe, kwa fomu iliyowekwa, akieleza sababu na kuambatisha vielelezo. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi katika siku 14 baada ya kuipokea, akibadilisha uamuzi wake au akiushikilia, na kutoa sababu. Asiporidhika tena, mfanyakazi ana siku 30 tangu alipopata jibu kukata rufaa katika mahakama iliyoitwa ya Viwanda sheria ilipotungwa, na ambayo leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama hiyo ina kituo mjini Kericho. Kabla ya hayo yote, ajali iwe imeripotiwa na madai kuwasilishwa katika miezi kumi na miwili.

Ninazitaja tarehe hizi kwa ukali kwa sababu hakuna njia ya mkato. Kifungu cha 16 cha WIBA kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kwa fidia ya ajali ya kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Mawakili walilipinga jambo hilo miaka mingi, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaithibitisha sheria. Hata ng'ambo mlango ni huo huo. Wachumaji zaidi ya 1,000 wa mashamba ya Kericho waliishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) katika Mahakama ya Session jijini Edinburgh, Scotland, wakidai kwamba kazi imewaharibu migongo. Kampuni ikayapinga madai hayo. Mwaka 2022 waliruhusiwa kushtaki kwa pamoja. Novemba 2023 majaji wa ngazi ya rufaa wakaisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza utaratibu wa WIBA nchini Kenya. Mgongo na kichwa ni ndugu katika jambo hili: vyote viwili huuma bila kuonekana. Na safari ya maelfu ya kilomita ikawarudisha kwenye fomu ile ile.

Je, yasiyoonekana yanaweza kupimwa? Wamarekani wamejaribu kwa ajili ya wanajeshi wao wa zamani, ambao wengi walirudi kutoka Iraki na Afghanistan wakiwa na vichwa vilivyotikiswa na mabomu. Kanuni zao zina kipimo cha kipandauso, ambacho hutumika pia kwa maumivu yanayofanana nacho. Hakiulizi kichwa kinauma kiasi gani. Kinauliza ni mara ngapi maumivu humlaza mtu chini asiweze kitu. Anayelazwa kwa wastani mara moja katika miezi miwili hupewa asilimia 10. Mara moja kwa mwezi, asilimia 30. Anayelazwa mara nyingi sana, kwa muda mrefu, hata riziki yake ikavurugika, asilimia 50. Asiyeridhika ana mwaka mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na tangu Februari 2019 anaweza kuchagua mkaguzi wa ngazi ya juu, au kuleta ushahidi mpya, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Sidai kwamba mfumo huo hauna dhuluma zake. (Sisi nasi tulikuwa na wanajeshi wetu, wale wa King's African Rifles ambao Kiswahili kiliwaita keya, waliopigana hadi Burma. Aliyerudi bila mguu alijulikana. Aliyerudi na kichwa kisichotulia, sijui nani alimwuliza.) Lakini swali la Wamarekani ni zuri, na Mkenya anaweza kuliazima bila kuomba ruhusa: usieleze maumivu, eleza siku.

Na hapa ukanda wa chai una hazina ambayo askari wa Marekani hana. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila siku majani yake hupimwa, na kila kipimo huingia katika kumbukumbu. Mtu aliyekuwa akichuma kilo 45 kwa siku kabla ya ajali, na ambaye miezi sita baadaye anachuma 28, tena kwa siku chache za wiki, ana ushahidi usio na huruma wala chuki. Hati zake za malipo zinasema kile ambacho picha ya CT haiwezi kusema. Nashangaa kuona hati hizo zikifungiwa sukari, ilhali zingeambatishwa kwenye pingamizi, miezi kumi na miwili kabla ya ajali na yote iliyofuata, zikapangwa kwa tarehe.

Pamoja nazo, daftari. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kila siku iandikwe tarehe, saa maumivu yalipoanza na yalipokwisha, alikuwa akifanya nini, alimeza nini, na kazi gani ilimshinda. Siku njema nazo ziandikwe, maana daftari lisilo na siku njema hata moja haliaminiki. Mtoto wa darasa la sita anaweza kumwandikia babake, na kwa maneno ya baba mwenyewe, si kwa maneno ya kitabu. Kisha mke au jirani wa nyumba ya pili aandike barua yake fupi, aeleze alichokiona kwa macho: kwamba fulani sasa hulala mchana kwa giza, hakwenda mazishi ya nani, aliacha kuimba kwaya kwa sababu ya ngoma. Hatimaye daktari, awe wa Tenwek, Longisa, Litein au hospitali ya kaunti ya Kericho, aombwe kuandika mambo matatu waziwazi: maumivu yalianza lini ikilinganishwa na ajali, yameendelea kwa muda gani, na yanamzuia kazi gani. Lile la kwanza ndilo roho ya madai. Kama zahanati ya siku ile ya ajali iliandika hata mstari mmoja kuhusu kichwa, nakala ya mstari huo itafutwe kwa udi na uvumba.

Najua pingamizi litakalotolewa na waajiri na makampuni ya bima, na si la kupuuzwa. Watasema kwamba kila mtu anaweza kudai kichwa kinamuuma, na kwamba wapo watakaodai. Wapo, ndiyo. Lakini dawa ya mwongo ni ushahidi wa siku nyingi kutoka kwa watu mbalimbali, ambao ni vigumu kuughushi. Kuwakataa wote kwa kuwa hawana kovu ni kumwadhibu mkweli kwa kosa la jirani yake. Anayepaswa kunihofia zaidi ni yule anayetaka kumaliza faili upesi. Ninachokiona kigumu kweli ni hali ya kibarua anayechuma kwa mkulima mdogo, bila mkataba, bila hati, akilipwa fedha taslimu jioni. Huyo hata kuthibitisha kwamba alikuwa kazini ni vita, na kwake daftari la mkulima na ushuhuda wa wenzake huwa ndiyo kila kitu.

Kuhusu lugha ya pingamizi lenyewe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, bega kwa bega na Kiingereza. Kwa hiyo sioni kwa nini maelezo ya mfanyakazi yasiandikwe kwa Kiswahili fasaha, yakaambatishwa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Tafsiri hiyo ni kazi inayowafaa walimu wa lugha wa shule zetu na wanafunzi wao. Masharti ni mawili tu: mfasiri asiongeze chumvi, na asipunguze. Mzee akisema "kichwa kinagonga kama mtu anapasua kuni ndani", kuni zibaki. Asiandike "maumivu makali" kwa kudhani kwamba ndiyo lugha ya ofisi. Na kila "hu" ya mzee itafutiwe Kiingereza kinachoonyesha kwamba jambo hilo linaendelea hadi leo.

Mwanafunzi anayerudi Sotik, Bomet au Kericho likizo hii, akimkuta mzazi au jirani ana barua ya Mkurugenzi iliyokunjwa nyuma ya picha ya ukutani, aanze kwa kutazama tarehe ya uamuzi na ahesabu siku kwa kalenda. Kama zimesalia arobaini, kuna nafasi ya kumrudisha kwa daktari na kukusanya hati za malipo. Kama zimesalia tano, fomu ijazwe usiku huo huo kwa kile kilichopo, ipelekwe ofisini kabla ya mwisho wa wiki, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa.